Maziwa ya Kufuturia

Mizani pekee ambayo Tekber angeweza kuipanda bila kutoa hata sarafu moja ya ugiya ilikuwa ya duka la mchele la Sidati. Ilikuwa mizani ya magunia, nayo ilikaa mlangoni kabisa, mahali ambapo nusu ya mtaa ilipita kila asubuhi. Tekber alikusanya pindo za melhafa yake aliyojitanda, akavua ndala, akapanda. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa wiki kumi.

Sidati alisogeza jiwe la mizani, akalirudisha, akalisogeza tena.

"Mia na nne!" akatangaza kwa sauti ya mnadani. "Mashallah, Tekber! Mara ile ulikuwa tisini na tisa. Hebu tuambie unakula nini, na sisi tukawalishe wake zetu."

"Pima tena, Sidati."

"Nipime tena nini? Mizani hii haijawahi kumpunja mtu."

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua dengu waligeuka, na mmoja wao akapiga kigelegele. "Sasa ndiyo unaanza kufanana na mtu, dada! Baada ya talaka ulikuwa umekauka, hata kukusalimia tulikuwa tunaogopa."

Tekber alishuka. Alivaa ndala ya kushoto mguu wa kulia, akaondoka hivyo hivyo, na mchele aliotumwa hakuununua.

Kilo tano zaidi. Kwa wiki kumi hakugusa sukari, hakugusa tende, wala mkono wake haukuingia kwenye sinia ya mchana. Kila alfajiri yeye na jirani yake Tutu walizunguka ukuta wa uwanja wa mpira mara nne, wamevaa raba za mitumba chini ya melhafa, huku wauza mikate wakiwapigia kelele, "Mnamkimbia nani, nyie? Waume zenu wenyewe wamelala!" Tutu alikuwa amepungua hadi bangili zikawa zinamtoka mkononi. Tekber alikuwa ameongezeka.

Wala hakuanza kwa ajili ya urembo. Muuguzi wa zahanati, Huleye, alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akaangalia, akapuliza tena. Kisha akamwambia bila kupindisha maneno: "Una miaka ishirini na tisa, lakini moyo wako unafanya kazi ya bibi wa miaka sabini. Punguza kilo kumi. Usipopunguza, wenzako watakuzika." Tekber aliogopa kwa sababu nyumba yao ilishatoa jeneza. Mdogo wake Salka alifariki miaka minne nyuma, akiwa bado anakaa kwa mama kama wanavyokaa mabibi harusi, wiki tatu tu baada ya ngoma kunyamaza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa mnene, mweupe, anang'aa, na wote walikubaliana kwamba ni jicho la watu.

Huleye alimwandikia karatasi: mboga za majani, samaki wa kuchoma, matunda. Tekber aliisoma njiani akacheka peke yake. Bei ya tufaha moja ingewanunulia mkate watu watatu. Yeye na mama yake, Nebghuha, waliishi kwa kufunga nyuzi na kutia rangi melhafa za wenzao, na mfuko wa rangi ulipanda bei kila mwezi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na hema uani. Ndani yake walikuwa mama, Tekber, kaka yake Hamadi, mke wa Hamadi na watoto wao watatu. Hapakuwa na kona ambayo mtu angeweza kufanya jambo lisionekane. Siku ya kwanza alijaribu kuinama na kuinuka chumbani kama Tutu alivyomfundisha, na watoto wakasimama mlangoni wakamhesabia kwa sauti hadi kumi na moja. Kuanzia kumi na mbili wakaanza kumwigiza.

Sinia ndiyo iliyokuwa mtihani mkubwa. Wali na samaki sinia moja, mikono saba. Mkono ukichelewa kurudi, mtu aliuona.

"Tekber, unaogopa mifupa?" mama angeuliza, huku akimsogezea mnofu wa samaki upande wake. "Kula. Watu wakikuona hivi watasema Nebghuha anamlaza mwanawe na njaa."

Ndipo alipopata ujanja. Alisema analipa siku zake za Ramadhani. Mtu anayelipa funga hakuna anayemsogezea mnofu, na hakuna anayemuuliza. Siku saba za kwanza zilikuwa za kweli. Zilipokwisha, akaendelea.

Mama yake hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua.

"Mwanangu, Ramadhani hii ulikula siku ngapi?"

"Saba, mama."

"Mbona mimi nimekuhesabia kumi na tisa?"

"Nyingine ni za mwaka juzi."

"Mwaka juzi ulikula Ramadhani nzima? Na mimi nilikuwa wapi, Makka?"

Mke wa Hamadi alicheka hadi akapaliwa na chai. Tekber akajibu kwamba funga ya sunna haimdhuru mtu, na mama akamtazama kwa muda mrefu, akimkagua shingo na vifundo vya mikono, kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukitia kwenye rangi.

"Basi funga," akasema mwisho. "Lakini kufuturu, utafuturu mkononi mwangu."

Tangu siku hiyo, kila magharibi, mama alimletea bakuli la mbao lenye maziwa ya mgando yaliyopigwa na maji. Tekber alimwomba asitie sukari, akajiandaa kwa ugomvi. Mama akasema sawa. Hakubishana hata neno moja, na Tekber alilala akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Maziwa yalikuwa na uchungu kidogo chini, kama ganda la limau.

"Ni ya unga, mwanangu," mama alimwambia. "Ng'ombe wake ni kiwanda. Ulitaka yawe matamu?"

Alikuwa na kiu ya mchana kutwa, kwa hiyo aliyamaliza yote.

Baada ya mizani ya Sidati, Tekber alikwenda moja kwa moja zahanati. Palikuwa na mabenchi mawili yaliyojaa wanawake, na chumba cha muuguzi kilitenganishwa nao kwa pazia la kijani ambalo pete zake tatu zilikatika zamani, kwa hiyo lilifunga nusu tu. Huleye, mwanamke mwembamba mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpima presha. Akamwambia apandishe mikono ya gauni. Kwapani hadi kiwikoni palikuwa na michirizi ya rangi ya zambarau, mipana kama kidole. Tekber alidhani ni rangi ya vitambaa. Huleye akapitisha mkono nyuma ya shingo yake, akabonyeza nundu laini ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuigusa.

"Unameza vidonge gani?"

"Simezi kidonge chochote."

"Dada, mimi si mama yako. Vya kunenepesha. Vya sokoni."

"Wallahi simezi!"

"Nyote huapa," Huleye akasema kwa uchovu. "Mnaapa hapa kila wiki, hasa harusi zikikaribia. Uso umekuwa duara, miguu myembamba, tumbo linatangulia. Huo si wali, dada. Mimi nakwambia upungue kwa mlango huu, wewe unanenepa kwa mlango ule?"

Nyuma ya pazia mtu aliguna. Tekber alihisi masikio yakimuwaka moto.

"Sikiliza," Huleye akaendelea kwa sauti ya chini. "Chochote unachomeza, usikiache kwa ghafla. Usikitupe. Kilete hapa nikione."

Alirudi nyumbani amejaa hasira. Mama yake alikuwa hemani akipika chai ya alasiri, amekunja miguu mbele ya sinia ndogo ya glasi. Tekber alijitupa kwenye mkeka akaanza kusimulia, akimwigiza Huleye na miwani yake ya uzi.

"Ati ananiuliza nameza vidonge gani! Mbele ya benchi zima, mama. Mimi! Nimeshinda na njaa wiki kumi, halafu mtu ananiambia nameza vidonge vya kunenepesha kama bibi harusi!"

Mama yake alikuwa akimimina chai kutoka juu, glasi hadi glasi, ili ipate povu. Kazi hiyo aliifanya tangu ana miaka sita. Aliifanya gizani, aliifanya akigombana na watu, aliifanya siku ya msiba akiwa halioni hata birika kwa machozi, na Tekber hakuwahi kuona tone likianguka nje. Sasa chai iliangukia kwenye sinia, ikajaa, ikatiririka kwenye mkeka, na mama aliendelea kumimina.

"Mama."

"Chai hii imezidi maji."

"Mama, niangalie."

Hakumwangalia. Alilitua birika polepole, akafuta mkeka kwa kiganja.

"Nimefanya kosa gani?" akasema. "Naona mwanangu anakataa wali, anakataa sukari, anatoka alfajiri kuzunguka ukuta kama aliyerogwa. Anafunga funga zisizo na hesabu. Nimeshazika mmoja, Tekber. Ulitaka nikae nikutazame na wewe ukiyeyuka?"

Tekber alisikia maneno, lakini yalichukua muda kufika. Alimwona mama yake akiinuka, akifungua kasha lake la ngozi, akitoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe katika vibao vyake vya plastiki, vile vile vinavyouzwa sokoni pamoja na hina na ubani.

"Ngapi?"

"Viwili. Nilivisaga vizuri, visikukwame kooni."

"Kila siku?"

"Ulikuwa ukifunga kila siku," mama akajibu, na ndani ya sauti yake mlikuwa na fahari kidogo, fahari ya mtu aliyefanya kazi yake bila kuchoka.

Tekber aliangua kicheko ambacho hakukitaka, kisha kikakatika chenyewe. Wiki kumi alishinda na njaa kwa uongo wake mwenyewe, na uongo huo ndio uliomtengea bakuli lake peke yake, mbali na mikono ya wengine.

"Hivi si sumu," mama akasema, sasa akimtazama. "Mbona unanitolea macho? Hata Salka alivinywa. Miezi minne kabla ya harusi, na mwenyewe alivipenda. Umesahau alivyong'aa? Umesahau watu walivyosimama alipoingia?"

Hakuwa amesahau. Alikumbuka uso wa mdogo wake uliojaa ukawa duara. Alikumbuka michirizi ya zambarau mikononi, ambayo msusi na mpakaji hina waliificha chini ya maua asubuhi ya harusi wakisema ni dalili ya neema. Tekber alipeleka mkono nyuma ya shingo yake, akaikuta nundu, akaushusha haraka. Akasema moyoni kwamba mama asijue kuwa pengine si jicho lililomchukua mdogo wake. Atakwenda naye zahanati, ataonyesha kopo, litakwisha hapo, na jina la Salka halitatajwa.

Asubuhi walikwenda wote wawili. Mama alivaa melhafa yake mpya ya buluu na kuongoza njia, amebeba kopo kifuani, kwa sababu alikuwa na maneno ya kumwambia huyo muuguzi anayewaita watoto wa watu waongo.

Hakupata nafasi ya kuyasema. Huleye alisoma maandishi ya nyuma ya kibao, akaketi.

"Nani alimpa?"

"Mimi mama yake," Nebghuha akasema. "Na yeye hakujua. Kwa hiyo umwombe radhi."

"Namwomba radhi," Huleye akasema, na akamgeukia Tekber, akamwomba radhi kweli, jambo lililomwacha mama bila silaha. Kisha akaeleza. Alisema dawa hii ni ya wagonjwa wenye maradhi mazito, na hospitali huitoa kwa kuihesabu. Inajaza mwili maji na mafuta, inapandisha presha, inapandisha sukari. "Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili, mama. Mwili una kiwanda chake kidogo kinachotengeneza dawa ya namna hii ili mtu aweze kusimama. Ukiletewa kutoka nje kila siku, kiwanda kinalala. Ukikatiwa ghafla, hakiamki. Ndiyo maana nilimwambia asiache. Tutapunguza kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na daktari atamwona Alhamisi."

"Na akiacha ghafla tu, tap?" mama akauliza. Aliuliza kwa ubishi, kama mtu anayejadili bei.

"Inategemea. Mwingine anachoka tu. Mwingine akipata homa kidogo anaanguka. Anatapika, hana nguvu, anazimia akisimama. Presha inashuka hadi haipimiki. Watu wanadhani ni malaria, au jicho."

"Baada ya muda gani?"

"Wiki moja. Mbili. Hata tatu."

Nyuma ya pazia, kwenye benchi, mwanamke mmoja alinyoosha shingo. "Samahani, dada nesi. Hivyo vidonge vinauzwa wapi hasa?"

Tekber alikuwa akimtazama mama yake. Midomo ya mama ilikuwa ikisogea bila sauti, na kidole gumba chake kilikuwa kikigusa vidole vingine kimoja kimoja, kinaanza upya, kinagusa tena. Alikuwa akihesabu siku. Tekber alimjua mama yake akihesabu, na aliona mahali hesabu ilipofika, kwa sababu kidole kilisimama hapo na hakikuendelea.

"Mama, twende nyumbani," akasema.

"Nilimwachisha siku ya pili ya harusi," mama akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Si alikuwa ameshaolewa."

Huleye alimtazama Tekber akitaka kueleweshwa. Tekber alitikisa kichwa. Muuguzi akaandika karatasi yake taratibu sana, akaipiga muhuri, kisha akainuka akavuta ncha ya pazia kwa mkono wake mwenyewe hadi mwisho, akalishikilia hapo, benchi lisione.

Njiani mama alitembea kama mtu aliyepewa miguu ya kuazima. Wauza samaki walimsalimia, naye akawajibu wote, akawauliza habari za watoto wao kwa majina. Walipofika nyumbani aliingia hemani, akaketi mahali pake, na mke wa Hamadi alipomuuliza nesi amesema nini, alisema, "Amesema Tekber atapona."

Karatasi ilisema kimoja na nusu kwa siku, kwa wiki ya kwanza. Tekber alichukua wembe wa kukatia nyuzi za vitambaa, akaweka kidonge juu ya kifuniko cha kopo, akajaribu kukigawa. Kilikuwa kidogo mno. Wembe uliteleza ukagonga kifuniko.

"Lete," mama akasema. "Utajikata."

Akauchukua wembe. Akainama karibu, jicho moja amelifumba.

"Siku ya nne ya homa aliniomba," akasema. "Sikukwambia wewe, wala Hamadi. Sikumwambia mtu. Ulikuwa umekwenda kuteka maji. Aliniambia, mama, nipe kimoja cha vile vidonge, bila vile sina nguvu hata ya kuinua kichwa. Nikamwambia, bibi harusi, umeshanenepa, acha uroho." Wembe ulikuwa juu ya kidonge, haushuki. "Nikacheka, Tekber. Yeye pia akacheka kidogo. Kopo lilikuwa hapo, nyuma ya mgongo wangu."

Tekber alitaka kusema hukujua, alitaka kusema ni Mungu, na yote mawili aliyaacha kwa sababu yalikuwa ya kweli na hayakusaidia kitu. Alimshika mama yake kifundo cha mkono usioshika wembe. Mapigo yake yalikuwa yakienda mbio sana.

Mama alishusha wembe. Nusu moja iliruka ikapotelea kwenye mkeka. Akapiga magoti, akapapasa kwa ncha za vidole, ukili kwa ukili, wala hakukubali kusaidiwa, wala hakukubali wakate kingine. Aliipata ukingoni, penye doa la chai. Akaipuliza mchanga. Akaiweka pamoja na kile kizima kwenye ulimi wa binti yake, akampa maji, akamtazama koo hadi lilipopanda na kushuka.

"Fungua mdomo."

Tekber akafungua. Mama akachungulia chini ya ulimi, kushoto na kulia, kama anavyofanyiwa mtoto wa miaka mitatu.

"Kesho saa hizi hizi," akasema. "Na kesho kutwa. Usinifiche hata siku moja."